Vinasaba kizimbani: kutoka Leicester hadi bandari ya Mombasa

Mtu wa kwanza duniani kupimwa vinasaba katika upelelezi wa mauaji hakufungwa. Aliachiwa. Alikuwa kijana wa miaka 17, mfanyakazi wa jikoni katika hospitali ya wagonjwa wa akili nje kidogo ya mji wa Leicester, Uingereza, na alikuwa amekwisha kukiri mbele ya polisi kwamba amemuua msichana wa miaka 15. Mwaka ulikuwa 1986. Polisi walikuwa na maelezo ya kukiri kosa, mtuhumiwa yuko mahabusu, na wanakijiji wameanza kuwaruhusu mabinti zao kutoka nje tena. Walipomwendea mwanasayansi wa chuo kikuu cha mjini hawakuwa na shaka yoyote. Walitaka tu awathibitishie kwamba kijana huyohuyo ndiye aliyemuua msichana mwingine, wa umri uleule, katika kijiji cha jirani miaka mitatu nyuma.

Majibu hayakuwa waliyoyatarajia. Aliyewaua wasichana wote wawili ni mtu mmoja, maabara ilisema, lakini siye huyu mliyemfungia. Polisi hawakuamini, wakaomba kipimo kirudiwe. Kikarudiwa, jibu likawa lilelile, na Novemba ya mwaka huo kijana akaenda zake nyumbani.

Huku kwetu DNA, yaani vinasaba hivi, ikitajwa barazani watu hutazamana wakacheka, maana kinachowajia kichwani kwanza ni mtoto wa nani. Ikitajwa kwenye taarifa ya polisi, wasomaji huona kesi imekwisha. Historia ya kipimo hiki haiungi mkono imani hiyo ya pili. Tangu kesi ile ya Leicester kimekuwa kikijibu swali moja, kwamba hiki ni cha nani. Kimefikaje pale, lini, na mkononi mwa nani, hayo yamebaki kuwa kazi ya mpelelezi, wakili na hakimu, na ni hapo mara nyingi kesi inapofia.

Mwanasayansi mwenyewe aliitwa Alec Jeffreys. Hakuwa akitafuta wahalifu. Alikuwa akichunguza jeni linalotengeneza protini ya kuhifadhi oksijeni kwenye misuli, na sehemu ya kazi hiyo ilipitia kwa sili, mnyama wa baharini mwenye protini hiyo kwa wingi. Jumatatu ya tarehe 10 Septemba 1984, saa tatu na dakika chache asubuhi, alitoa filamu ya eksirei kwenye maji ya kusafishia akaona safu za mistari myeusi. Safu tatu zilikuwa za fundi mmoja wa maabara yake pamoja na baba na mama yake. Mistari ya fundi ilikuwa yake peke yake, haikufanana na ya yeyote, lakini kila mmoja ulionekana ama kwa baba ama kwa mama. Jeffreys amesimulia mara nyingi kwamba ndani ya dakika chache alikwisha kuelewa kinaweza kufanya nini: kumtambua mtu, na kumtambua mzazi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya vinasaba vyetu kuna sehemu ambazo kipande kifupi cha maandishi ya kikemia hujirudia mfululizo, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya mtu na mtu. Chukua uzi wa shanga ambao mtungaji amerudia rangi tatu zilezile: kwako amezirudia mara kumi na mbili, kwa jirani yako mara kumi na saba. Sehemu moja tu haitoshi kumtenga mtu, kwa kuwa wengi wanaweza kuwa na kumi na mbili. Zikiangaliwa sehemu kumi na kitu kwa pamoja, uwezekano wa watu wawili kufanana kila mahali unakuwa mdogo mno, isipokuwa wawe pacha wa kufanana.

Kazi ya kwanza ambayo kipimo kilipewa haikuwa ya jinai hata kidogo, na mwombaji wake alikuwa Mwafrika. Mvulana wa familia yenye asili ya Ghana alikuwa amerudi Uingereza na kuzuiwa uwanja wa ndege kwa madai kwamba si mtoto wa mama aliyedai kumzaa, labda ni mpwa wake. Mwaka 1985 wakili wa familia alisoma gazetini habari za Jeffreys, akamwandikia barua. Baba hakupatikana. Jeffreys akapima mama, mvulana na ndugu zake watatu, akaupanga upya urithi wa baba kutoka kwenye damu ya watoto. Serikali ikaondoa pingamizi, mvulana akabaki kwa mama yake. Kwa maelfu ya familia za wahamiaji zilizokuwa zikiitwa waongo kwenye madirisha ya uhamiaji, huo ndio uliokuwa uzito wa ugunduzi huu, miezi kadhaa kabla polisi yeyote hajaugusa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Jeffreys na wataalamu wawili wa maabara ya jinai ya serikali ya Uingereza, Peter Gill na Dave Werrett, walichapisha mbinu ambayo watu wengi hawaijui ingawa bila hiyo kesi za ubakaji zisingefika mbali. Sampuli inayochukuliwa kwa mwanamke aliyebakwa ina mchanganyiko wa seli zake na mbegu za mwanamume, na za kwake huwa nyingi zaidi. Waligundua kwamba ukuta wa mbegu ni mgumu kuliko wa seli nyingine. Unaziyeyusha kwanza za mwanamke, unazimwaga kando, kisha unatumia dawa kali zaidi kufungua zilizobaki. Mbinu hiyo inatumika maabara nyingi hadi leo.

Turudi kijijini. Januari 1987, baada ya kumwachia yule kijana, polisi wa Leicestershire walifanya jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika: wakawaomba wanaume wote wenye umri unaokaribiana na uliodhaniwa kuwa wa muuaji, katika vijiji vya Narborough, Littlethorpe na Enderby, watoe damu kwa hiari. Takriban wanaume 5,000 wakatoa. Muuaji hakupatikana. Majokofu yakajaa, miezi ikapita, mchezo ukaonekana umekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikatwa baa, maabara haikuwamo. Agosti mwaka huo mfanyakazi wa kiwanda cha mikate alikaa na wenzake wakinywa, ulimi ukamponyoka. Akasema alitoa damu kwa jina la mwenzake, Colin Pitchfork, aliyembembeleza aende badala yake akiwa na pasipoti iliyobandikwa picha nyingine. Mwanamke mmoja aliyekuwapo mezani alikaa na neno hilo wiki kadhaa, likamzidi, akaenda polisi. Pitchfork alikamatwa Septemba, akakiri, vipimo vikalingana, na Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Vitabu humtaja kuwa muuaji wa kwanza kutiwa hatiani kwa msaada wa vinasaba, na ni kweli. Ila aliyemfichua ni yule mwanamke wa baa, na kwa maoni yangu hajapewa haki yake katika masimulizi.

Baada ya hapo kampuni binafsi za Marekani ziliichukua biashara kwa kasi, na mahakama zikaanza kupokea filamu zile bila maswali. Kesi iliyowaamsha watu ni ya mjini New York mwaka 1989, iliyomhusu José Castro, aliyeshtakiwa kuwaua mwanamke na mtoto wake wa miaka miwili. Saa yake ya mkononi ilikutwa na tone la damu, na maabara ya kampuni ikasema damu ni ya marehemu. Mawakili wawili vijana, Barry Scheck na Peter Neufeld, waliziangalia filamu wakaona mistari isiyolingana ikihesabiwa kuwa imelingana, na mingine ikiachwa kando bila maelezo. Wataalamu wa pande zote mbili, mashtaka na utetezi, wakakutana nje ya mahakama, wakajadiliana kama wanasayansi, wakatia saini tamko la pamoja kwamba vipimo vile havifai. Jaji akatoa uamuzi wa aina yake: kipimo kinaweza kupokewa kuonyesha kwamba damu si ya Castro mwenyewe, lakini hakipokewi kusema kwamba ni ya marehemu. Castro baadaye alikiri kosa, kwa hiyo huenda maabara ilipata jibu sahihi kwa njia mbovu. Mahakama haikukubali hilo litoshe, na ilikuwa sahihi.

Tangu hapo ndipo viwango vilipoanza kuwekwa: nani anaruhusiwa kupima, namna ya kuhesabu uwezekano, jinsi ya kutunza kumbukumbu. Na Scheck na Neufeld, waliopata umaarufu kwa kuuvunja ushahidi wa vinasaba, mwaka 1992 walianzisha mradi wa kuutumia kuwatoa gerezani waliofungwa bila hatia. Nchini Marekani zaidi ya watu 300 wametolewa kwa njia hiyo, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuhukumiwa kifo. Wengi walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi walioapa kwamba waliwaona kwa macho yao, na si wachache waliokiri makosa ambayo hawakuyatenda, kama yule kijana wa jikoni.

Ufundi wenyewe ulibadilika haraka. Kipimo cha awali kilihitaji doa la damu la kutosha na la karibuni. Mkemia wa California, Kary Mullis, alikuwa amebuni mwaka 1983 njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara mamilioni ndani ya saa chache, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Maabara za jinai zilipoichukua njia hiyo na kuhamia kwenye marudio mafupi zaidi, ambayo hayaharibiki upesi, seli chache zilitosha: mate kwenye kipisi cha sigara, jasho kwenye kola. Uingereza ikafungua hazina ya taifa ya vinasaba mwaka 1995, Marekani ikafuata mwaka 1998. Sasa kuna mashine zinazokaa juu ya meza ya kituo cha polisi na kutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na programu za kompyuta zinazojaribu kuchambua mchanganyiko wa watu watatu au wanne kwenye kishikio kimoja cha mlango.

Wepesi huo una gharama yake, na Wajerumani waliilipa hadharani. Aprili 2007 askari wa kike aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari la doria mjini Heilbronn. Kwenye gari vilipatikana vinasaba vya mwanamke, na hazina ikajibu kwamba mwanamke huyo anajulikana: alikwisha kuonekana katika mauaji, wizi wa magari na uvunjaji wa nyumba, matukio yapatayo 40 Ujerumani, Austria na Ufaransa. Alama zake ziliachwa hadi kwenye biskuti iliyoumwa. Kikosi maalumu kikaundwa, zawadi ikapanda hadi euro 300,000, magazeti yakambatiza jina la jinamizi. Machi 2009 vinasaba vilevile vikajitokeza katika uchunguzi wa maiti ya mwanamume, na hapo ndipo mtu mmoja akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema. Mwanamke huyo hakuwa jambazi. Alihusika na utengenezaji wa vijiti vya pamba ambavyo polisi walitumia kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, havikuwa vimesafishwa vinasaba. Miaka miwili ya kumsaka muuaji wa askari ilipotea namna hiyo. Mwaka 2011 mauaji yale yalihusishwa na kundi la Wanazi mamboleo.

California, Aprili 2018, ilionyesha upande mwingine. Polisi walikuwa na vinasaba vya mtu aliyebaka na kuua katika miaka ya 1970 na 1980, na hazina yao haikumjua. Wakavipeleka kwenye tovuti ya umma ambako watu hutafuta jamaa zao, wakapata mabinamu wa mbali, wakachora ukoo kizazi baada ya kizazi hadi wakabaki na mzee wa miaka 72, Joseph DeAngelo, aliyewahi kuwa askari polisi. Mwaka 2020 alikiri mauaji 13. Hakuwahi kutoa mate yake popote. Walitoa mabinamu zake, wakitafuta asili yao. Anayejua ukubwa wa ukoo wa Kiafrika ataona mara moja kwamba hapa faragha ya mtu mmoja haipo tena.

Mtafiti aliyeleta sayansi hii kwenye kesi za Afrika Mashariki naye hakuwa mtu wa polisi. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alianza kazi yake ya utafiti na nyani wa Hifadhi ya Mikumi, Tanzania. Ujangili ulipopamba moto aliona tatizo la kila shehena ya meno ya tembo inayokamatwa Hong Kong au Singapore: karatasi zinataja bandari ilikotokea, hazisemi tembo waliuawa wapi. Akaamua kutengeneza ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika nzima, na malighafi yake ikawa kinyesi. Askari wa wanyamapori na watafiti kutoka nchi nyingi walimkusanyia mavi ya tembo, kwa kuwa seli za utumbo hubaki juu yake, na kila kundi la tembo lina tofauti zake ndogo kulingana na mahali lilipo. Jino nalo hukatwa kipande kidogo, hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika ili lisipate joto na kuharibu vinasaba, kisha husagwa kuwa unga.

Shehena ya tani 6.5 iliyokamatwa Singapore mwaka 2002 ilipimwa hivyo, na jibu likaelekea Zambia, nchi ambayo haikuwa ikishukiwa kupoteza tembo wengi kiasi hicho. Mwaka 2015 Wasser na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya shehena kubwa 28. Kwa tembo wa savana, kitovu cha mauaji kilikuwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani Selous na Niassa. Hesabu ya tembo kutoka angani ilikuwa imekwisha kusema habari ileile kwa lugha ya tarakimu: mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi, uliokuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970, ulibakiwa na 13,084 mwaka 2013.

Kisha likaja jambo ambalo naliona kuwa la werevu kuliko yote. Maabara iligundua kwamba meno mawili ya tembo mmoja mara nyingi hayasafiri pamoja. Moja linakamatwa katika kontena hili, pacha wake katika kontena jingine, miezi kadhaa baadaye. Kila mara makontena hayo mawili yalikuwa yametoka bandari ileile. Septemba 2018 walichapisha hitimisho: usafirishaji mkubwa wa kati ya 2011 na 2014 uliongozwa na mitandao mitatu, mmoja ukitumia Mombasa, mmoja Entebbe, mmoja Lomé nchini Togo. Mwaka 2022 wakaongeza kutafuta ndugu, yaani jino la mama hapa na la mwana kule, katika meno 4,320 ya shehena 49, na nyuzi zilizoziunganisha shehena zikawa nyingi zaidi.

Linganisha hayo na yaliyotokea Mombasa. Juni 2014 polisi walivamia yadi ya magari mtaa wa Tudor wakakuta zaidi ya tani mbili za pembe za ndovu. Mfanyabiashara mmoja aliyetafutwa kwa kosa hilo alikamatwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka. Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimfunga miaka 20 na kumtoza faini ya shilingi milioni 20 za Kenya, hukumu iliyoshangiliwa dunia nzima. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru, ikiona kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi. Mwezi mmoja kabla ya makala ya Wasser. Vinasaba vinaweza kueleza tembo alikufa bonde gani na jino lake la pili liko kontena lipi, lakini haviwezi kueleza nani alikuwa na ufunguo wa ghala. Hilo linahitaji shahidi anayesimama imara, daftari la bandari lililojazwa vizuri, na kielelezo ambacho kila aliyekishika ametia saini.

Nchi zetu hazijakaa bure. Tanzania ilipitisha sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na upimaji uko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mzazi mwenye mashaka haendi tu dirishani, ombi lake lipitie mahakamani, kwa wakili au ustawi wa jamii. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilifungua maabara yake ya vinasaba jijini Nairobi mwaka 2015, hivyo nyama pori iliyokamatwa sokoni haihitaji tena kusafiri nje ili ijulikane ni ya pundamilia au ya ng'ombe. Kisha likaja janga la Shakahola, Kenya, la waumini walioshawishiwa kufunga hadi kufa. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi kuanzia Aprili 2023, nyingi zikiwa zimeharibika kiasi cha kutotambulika kwa sura. Familia zilitoa mate na kusubiri, na za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Malindi mwishoni mwa Machi 2024. Karibu mwaka mzima. Tukiendelea kununua mashine bila kutenga fedha za kemikali, watu na majokofu, familia nyingine zitasubiri vilevile.

Kwa kuwa hatua ya kwanza ya ushahidi huu haifanyiki maabara, msomaji anayo sehemu yake. Nyumba ikivunjwa, usifagie wala usipange vitu kabla polisi hawajafika, na majirani wasiingie kutazama. Mtu akibakwa, asioge na asifue nguo alizovaa, hata kama mwili wote unataka maji. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu, na unyevu huozesha vinasaba. Afike hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwani hata dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina kikomo hicho. Asisubiri fomu ya polisi, iwe PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya, ndipo aonwe na daktari. Matibabu yaanze, fomu ifuate.